Urahisi wa Kodi: Urahisi kwa Nani?

Wanaodai sheria za kodi zirekebishwe husema mara nyingi kwamba sheria nzuri ni ile iliyo rahisi: viwango vichache, misamaha michache, na hesabu ambayo mlipaji aweza kuifahamu bila msaada wa mwanasheria. Dai hilo lina uzito. Hata hivyo, katika nchi yetu kodi iliyokuwa rahisi kuliko zote ndiyo iliyochukiwa kuliko zote.

Serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, na nyumba ya kawaida ya kijijini ilitozwa rupia 3. Hapakuwa na fomu wala makisio ya pato. Zilihesabiwa nyumba, basi. Aliyevuna na aliyepatwa na njaa walidaiwa sawasawa, na asiye na fedha aliweza kutakiwa kulipa kwa kazi. Wala lengo halikuwa mapato peke yake, kwa maana mtu aliyelazimishwa kutafuta fedha aliipata kwenye mashamba ya walowezi. Kodi hiyo haikuwa sababu pekee ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, lakini hatuwezi kuitenga na vita hivyo. Waingereza waliiendeleza, wakaongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na nyumba.

(Msomaji atakumbuka Kutoka 30:15, ambapo tajiri na maskini walitoa nusu shekeli sawasawa. Lakini Walawi 5 yamruhusu asiyeweza kondoo alete ndege wawili, au hata unga. Basi mtu asishike fungu moja kana kwamba Maandiko yamekwisha kuamua.)

Baada ya uhuru, kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, na halmashauri zenyewe zikavunjwa mwaka 1972. Ziliporudishwa katika miaka ya 1980, ilikuja kodi ya maendeleo, ambayo kwa asili yake ilikuwa kodi ile ile kwa jina jipya. Tume ya Rais iliyoongozwa na Edwin Mtei ilitoa taarifa yake mwaka 1991. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi mwaka 1996, na Kodi ya Ongezeko la Thamani mwaka 1998. Mageuzi hayo yalimgusa hasa mwenye kampuni na mwagizaji wa bidhaa. Mkulima aliendelea kukutana na mgambo njiani wakidai stakabadhi.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, pamoja na ushuru mdogo mdogo ulioitwa kero. Naamini uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini halmashauri zilianza kuitegemea zaidi ruzuku ya Hazina, na diwani asiyemwomba mwananchi shilingi huona haja ndogo ya kumjibu.

Nasi tumo katika jambo hili. Mwaka 2009, serikali ilipopendekeza katika bajeti kufuta misamaha ya taasisi za dini, viongozi wa dini walipinga, na pendekezo likaachwa. Hoja yao haikuwa tupu: hospitali na shule zetu huwahudumia hata wasio washarika. Lakini kila msamaha huongeza ibara katika sheria, na pengo lake huzibwa na mlipaji mwingine. Kwa hiyo msharika anayeuliza ni vifaa gani viliingia bandarini kwa jina la kanisa bila ushuru, na vilifika wapi, anastahili kuonyeshwa hesabu.