Berlin au Hamburg

Mtoro bin Mwinyi Bakari alifanya kazi katika miji yote miwili ambayo mimi nilitakiwa kuchagua mmoja. Berlin alifundisha Kiswahili kwa miaka mitano, Hamburg kwa minne hivi. Nilipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa muhula mmoja wa masomo yangu ya uzamili ya historia, kila mtu alikuwa na ushauri: kodi ya chumba, baridi, chuo kipi kina jina kubwa, wapi kuna Watanzania wengi. Msimamizi wangu wa tasnifu alitaka niende penye nyaraka. Mama alitaka niende aliko mtoto wa shoga yake, ili nisife njaa. Mimi nilikuwa nasumbuliwa na swali jingine, na aliyenipa swali hilo ni Mtoro: ukishafika huko, watakuhesabu kuwa nani?

Mwaka 1887 ilianzishwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki, chini ya chuo kikuu ambacho leo kinaitwa Humboldt. Shabaha yake haikufichwa. Ujerumani ilikuwa imeanza kujitwalia nchi za watu, na ilihitaji wakalimani, wafanyabiashara na maofisa wanaoweza kusema na jumbe, tajiri au mpagazi bila kudanganywa. Kwa Kiswahili, waliajiri wasomi wa Kijerumani pamoja na watu wa kwetu. Profesa alieleza sarufi. Mtu wa pwani alisoma kwa sauti, akasahihisha matamshi, akajibu maswali, akasimulia habari za kwao ili wanafunzi wapate kuandika. Amur bin Nasur kutoka Unguja alikuwa katika kazi hiyo tangu 1891 hadi 1895, na habari aliyoiandika juu ya maisha yake imo katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili aliouchapisha Büttner mwaka 1894. Napenda kuwakumbusha wenzangu jambo hili kila wanaposema kwamba wasafiri wa kuandika Ulaya kwa Kiswahili wameanza juzi.

Mtoro alifika mwaka 1900. Alizaliwa mnamo 1869 Dunda, Bagamoyo. Alikuwa mtu aliyesoma elimu ya dini, mwalimu, mtu mzima wa miaka thelathini na ushei aliyeijua pwani ya Mrima kwa undani. Aliyekuwa mkuu wake wa kazi, Carl Velten, aliwahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni Afrika Mashariki, na huko alianza kukusanya maandishi ya Waswahili. Mwaka 1903 ikachapishwa Göttingen *Desturi za Wasuaheli*. Ukikisoma kitabu hicho unakutana na mtu anayejua anachokisema: uzazi na majina, jando, ngoma, mahari, kilimo, uganga, utumwa, madeni, namna jumbe anavyotawazwa. Sentensi zake ni fupi na zina utulivu wa mtu anayemweleza mgeni mambo ya nyumbani bila kujidunisha na bila kupiga chumvi. Mimi nilikisoma kwa mara ya kwanza kwenye nakala ya fotokopi iliyofifia, na bado nilikesha nacho.

Lakini jina lililosimama mbele ya kitabu ni la Velten, mkusanyaji. Mtoro, aliyeandika sehemu kubwa, alikuwa miongoni mwa “watu” waliotoa habari. Ilibidi ifike 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro likaonekana mbele. Ni miaka 78. Mtu ana haki ya kusema kwamba hivyo ndivyo vitabu vilivyotengenezwa zama zile, na ni kweli. Hata hivyo, zama hizo zilikuwa na wanufaika wake.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, msichana wa Kijerumani. Darasani alikuwa akiwafundisha vijana ambao wengi wao walikuwa wakijiandaa kwenda kututawala, na vijana hao hawakupenda kusimamiwa na Mwafrika, licha ya kuwa ameoa kwao. Dharau ikazidi, uongozi haukumkingia kifua, na mwaka 1905 akaacha kazi. Wakapanda meli, yeye na mkewe, kurudi Bagamoyo. Utawala wa kikoloni chini ya Gavana von Götzen ukakataa kuwapokea: mwanamume Mwafrika na mke Mzungu, machoni pa watu wote, walihesabiwa kuwa ni hatari kwa heshima ya mtawala. Huo ndio mwaka ambao Vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Wakarudi Ujerumani. Mtu aliyeandika kitabu cha desturi za nchi yake alizuiwa kukanyaga nchi hiyo.

Hapo ndipo watu wengi wanapoishia wanapomsimulia Mtoro, na ndiyo sababu Berlin ilinivutia kwanza. Ina msiba kamili. Ina pia Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho huko Lichterfelde, yenye mafaili ya Wizara ya Makoloni. Na mji wenyewe umeanza kujisomea upya: barabara ya Wissmann mtaani Neukölln iliitwa Lucy Lameck mwaka 2021, na mwaka 2024 sehemu ya barabara ya Peters mtaani Wedding ikapewa jina la Maji Maji.

Hamburg haina mvuto wa namna hiyo, ila ina kitu kimoja ambacho kilinishika nisiachie. Chuo chake kikuu kilianzishwa 1919, lakini mizizi yake imo katika Taasisi ya Kikoloni ya 1908. Yaani Berlin chuo kilikuwapo, ukoloni ukaongezewa chumba. Hamburg ukoloni ulikuwa miongoni mwa wajenzi wa nyumba. Mwaka 1909 Carl Meinhof alihamia huko kutoka Berlin kuongoza seminari ya lugha za makoloni. Mtoro naye akaajiriwa mwaka huo huo kuwa msaidizi wa lugha. Tazama cheo: mwandishi wa kitabu ambacho wanafunzi walijifunzia, sasa ni msaidizi. Aliondoka 1913, akarudi Berlin, akawa akizunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki hadi alipofariki 1927. Mihadhara ile, nadhani, ndiyo mara pekee alipopata kusimama mbele ya Wajerumani bila profesa pembeni.

Halafu kuna sanamu. Mwaka ule ule wa 1909, Dar es Salaam ilisimamishwa sanamu ya shaba ya Hermann von Wissmann, aliyewapiga watu wa pwani katika vita vya Abushiri. Wissmann amesimama juu. Chini yake askari Mwafrika anamtazama, na simba amelala. Baada ya Vita Kuu Waingereza waliing’oa wakaipeleka London, kisha ikarudishwa kwa Wajerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Ikakaa hapo mpaka 1967, wanafunzi walipoiangusha kwa kamba. Ikasimamishwa tena. Mwaka 1968 wakaiangusha, na safari hiyo haikurudi. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini mwanafunzi wa Hamburg alikwenda darasani akipita chini ya sanamu iliyotengenezwa ili itutazame sisi, Dar es Salaam. Sijui chuo kingine ambacho historia yangu imesimama mlangoni namna hiyo.

Msimamizi wangu hakushawishika na sanamu. “Wewe unakwenda kusoma nyaraka au kutalii?” Nikamjibu kwa heshima kwamba mafaili mengi ya Lichterfelde sasa yamepigwa picha na yanasomeka mtandaoni hata nikiwa Ubungo, umeme ukiwapo, kwamba mafaili mengine ya Wajerumani yako hapa hapa kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako tunakwenda kwa daladala, na kwamba karatasi za Taasisi ya Kikoloni ziko Hamburg. Akanyamaza kidogo, akaniambia niandike hoja hiyo kwenye barua. Kwa mwanahistoria mzee, huko ni kubariki.

Barua ilinichukua siku tatu. Rafiki yangu mmoja aliyewahi kwenda Ulaya kwa muhula, chuo sitakitaja, alikwenda na mada nzuri ya biashara ya mkonge. Mwishoni mwa muhula alikuwa amesoma sentensi nyingi za Kiswahili mbele ya kinasa sauti kuliko alivyosoma mkonge. Waliomwomba walikuwa watu wema, walimpa chai na kumshukuru. Lakini alirudi bila sura hata moja ya tasnifu. Nikaandika waziwazi kwamba naomba dawati katika semina ya historia, msimamizi wa huko mwenye kujua Taasisi ya Kikoloni, na siku moja ya kuwasilisha utafiti wangu kama wanavyofanya wanafunzi wengine. Matamshi nitasaidia nikiombwa na rafiki, jioni.

Wamekubali yote matatu. Mama amekubali kwa shingo upande, kwa kuwa mtoto wa shoga yake yuko Berlin, na treni kati ya miji hiyo haichukui siku nzima. Muhula wa baridi unaanza Oktoba, huku kwetu ratiba ikisema jingine, kwa hiyo kozi moja nitaimalizia nikirudi. Kwa sasa najifunza mwandiko wa kale wa Kijerumani, ambao herufi *e* inafanana na *n*. Ukurasa mmoja unanichukua saa nzima, lakini neno “Suaheli” nalitambua sasa bila kusitasita.