Barabara ya Kilwa

Mara ya kwanza kwenda kusini nilikuwa na miaka tisa, na ninachokumbuka zaidi ni foleni. Basi lilisimama Ndundu, kandokando ya Mto Rufiji, nyuma ya malori yaliyokuwa hapo tangu juzi. Maji yalikuwa yamejaa, pantoni haivuki. Mama alinunua samaki wa kukaanga, tukala, tukalala, tukaamka, akanunua wengine. Mzee aliyeketi mbele yetu akageuka na kuniambia, "Ukija kwetu, mjukuu wangu, nauli unalipa mara moja, chakula unalipa siku tatu."

Barabara hiyo inaanzia Dar es Salaam, ambako huitwa Barabara ya Kilwa. Inapita Mbagala, Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, inavuka Rufiji, inashika Somanga, Nangurukuru, Lindi na Mingoyo hadi Mtwara. Ni zaidi ya kilomita 550. Kilwa yenyewe, ajabu, haimo njiani. Ukifika Nangurukuru inabidi ukate kushoto kuelekea baharini. Mji ambao masultani wake walikuwa na sarafu zao, biashara yao ikifika Sofala, leo abiria wengi wanaupita bila kuuona.

Kabla ya lami, kusini iliwahi kuahidiwa reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walitaka kulima karanga Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na njia ya reli kwenda huko. Mradi wa karanga ukafa vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari ikabaki, lakini kwa nchi kavu kila kitu kikaitegemea barabara hii, na barabara ikaitegemea pantoni. Masika ikianza, Lindi na Mtwara zilikuwa kama kisiwa. Aliyetaka kufika Dar alisubiri meli, au akazunguka Tunduru, Songea, Njombe na Iringa, nusu ya nchi nzima, kufika mahali palipo kaskazini yake tu.

Mwaka 2003 Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi, alifungua daraja la Rufiji lenye jina lake, mita 970. Wapo walionung'unika kwamba amejipendelea. Sioni ubaya wowote. Watu walikuwa wamesubiri tangu uhuru. Ila daraja halikumaliza kungoja, lilikuhamisha tu. Kutoka Ndundu hadi Somanga kulibaki kilomita 60 za vumbi na tope kwa miaka mingi, na sasa foleni ikawa huko, mabasi yamezama hadi ekseli, abiria wamekunja suruali wakisukuma.

Lami ilipokamilika, tukazoea haraka. Unapanda basi Mbagala alfajiri, alasiri uko Lindi. Watoto wa siku hizi hawajui pantoni ya Ndundu ilikuwa nini.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani. Mafuriko yakakata barabara eneo la Somanga, magari yakasimama pande zote mbili. Shangazi yangu alikuwa ndani ya basi moja akitoka Lindi. Aliponipigia, simu ilikuwa inakatikakatika. Nilimwuliza kama amepata chakula.

"Samaki wapo," akasema. "Bei ndiyo imepanda."