Oscar Baumann na Majina ya Nchi ya Mbulu

Mtu apandapo kutoka bonde la Ziwa Manyara kwenda magharibi hufika katika nyanda za juu za Mbulu, na akizidi mbele huiona nchi ikishuka tena kuliendea Ziwa Eyasi. Upande wa kusini Mlima Hanang husimama peke yake, urefu wake zaidi ya meta 3,400. Wenyeji waliijua nchi hiyo tangu kale. Lakini katika ramani za Ulaya, hata kufikia mwaka 1891, mahali pake palikuwa karibu peupe. Mtu aliyeanza kupajaza ni Oscar Baumann.

Baumann alizaliwa Vienna tarehe 25 Juni 1864. Mwaka 1885 alikwenda Kongo pamoja na Oskar Lenz, maradhi yakamrudisha njiani. Kisha akakichunguza kisiwa cha Fernando Po, kazi iliyompatia udaktari. Mwaka 1888 alifika Usambara pamoja na Hans Meyer, na waliposhuka pwani wakakamatwa na watu wa Bushiri bin Salim, wakafungwa Pangani mpaka walipolipiwa fidia. Mwingine angaliikimbia nchi, yeye alirudi.

Mwezi wa Januari 1892 msafara wake ulitoka Tanga, kwa gharama ya kamati ya Wajerumani iliyojiita ya kupinga utumwa. Mwezi wa Machi alifika Manyara, akapanda Ngorongoro, kisha akalifikia Eyasi. Sotoka ilikuwa imekwisha kuangamiza ng'ombe wa Wamasai, naye akakutana na watu waliobaki ngozi na mifupa. Baadaye alifika Urundi, na Februari 1893 alikuwa amerudi Pangani. Kitabu chake cha 1894 kiliwapa wasomi wa Ulaya habari za Iraku, Ufiomi, Umbugwe na Mangati.

Katika majina hayo ndimo uonekanapo ubora wa kazi yake na upungufu wake pia. Mpita njia huandika jina alisikialo kwa kiongozi na wapagazi wake, nao mara nyingi ni wageni kama yeye. Neno Mang'ati ni la Kimasai, na maana yake ni maadui. Watu wenyewe ni Wadatoga, na wale wa Hanang hujiita Wabarabaig. Vivyo hivyo watu walioitwa Wambulu hujiita Wairaqw, na nchi yao ya asili ni Irqwar Da'aw. Kwa hiyo neno la jirani, tena jirani mgomvi, liligeuka kuwa neno la karatasi.

Tena karatasi ilitangulia serikali. Wajerumani walijenga boma Mbulu wakaliita Neu-Trier, kwa jina la mji wa kwao, na Hanang wakauandika Gurui. Mwanajiografia Fritz Jaeger alizunguka nyanda hizo mwaka 1906 na 1907, akatoa vitabu viwili, mwaka 1911 na 1913, vilivyoyaeleza mabonde na volkano kwa utulivu ambao msafara wa Baumann haukuupata.

Baumann mwenyewe hakuyaona hayo. Aliendelea kuvipima visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba, akawa konsuli wa Austria na Hungaria huko Unguja, akafa Vienna tarehe 12 Oktoba 1899, umri wake miaka 35.

Sifa yake haiondoki: ndiye aliyewaonyesha wasomi wa Ulaya jinsi Manyara, Eyasi na nyanda zilizo kati yake zilivyopangana. Neu-Trier limesahauliwa, na Gurui limeliachia nafasi jina la Hanang. Lakini Mang'ati lingali vinywani mwa wengi, na wengi walitamkao hawajui kuwa wanamwita mwenzao adui. Yafaa basi amfundishaye mtoto ramani ya Manyara amwambie kwanza jina ambalo watu wa mahali hapo hujiita wenyewe, ndipo amwonyeshe lile lililoandikwa na mpita njia.