Kutoka Tunguu hadi Malindi: macho ya angani ni ya nani?

Msikilizaji, jioni ya Februari 20, 1962, mtu alipita juu ya pwani yetu bila kuikanyaga. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alikuwa ndani ya chombo kidogo kilichoitwa Friendship 7. Yapata nusu saa tangu arushwe kutoka Florida, alikuwa akizungumza kwa redio na mafundi waliokaa Tunguu, Unguja. Mtu aliyesimama ufukweni Zinga, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, Tunguu kwake ni ng'ambo tu ya maji. Lakini mvuvi wa Zinga aliyekuwa akitega dema jioni ile, huenda hakuwa na habari kwamba bahari yake imekuwa njia ya mashindano ya wakubwa wa dunia.

Kwa nini Tunguu? Chombo kinachoizunguka dunia huonekana na mtambo mmoja kwa dakika chache tu, kisha hupotea. Kwa hiyo Marekani ilihitaji mlolongo wa vituo: visiwa vya Canary, Kano huko Nigeria, Zanzibar, meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia. Mwaka 1960 Marekani ilitia saini mkataba wa kituo cha Zanzibar. Ilitia saini na nani? Na Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar. Wenye ardhi walisikia tu.

Chama cha ZNP kilikipinga kituo hicho. Hofu ilikuwa kwamba kisiwa kitaingizwa katika ugomvi wa mataifa makubwa, na kwamba nyuma ya mitambo ile kuna silaha. Jibu lilikuwa kwamba ile ni kazi ya sayansi na ya amani.

Leo tunaweza kupima maneno ya pande zote mbili. Ni kweli Tunguu hapakuwa na kombora. Lakini roketi aina ya Atlas iliyombeba Glenn ilibuniwa kwanza kuwa kombora la masafa marefu. Hali kadhalika roketi ya Kisovieti iliyomrusha Yuri Gagarin, Aprili 12, 1961, ilitokana na kombora. Ndiyo maana Sputnik, iliyorushwa Oktoba 4, 1957, iliwatisha Wamarekani. Aliyeweza kuweka mpira wa chuma juu ya dunia, aliweza pia kuushusha mzigo mwingine juu ya mji wowote. Tangu siku ya kwanza, uongozi wa anga za juu na ulinzi wa nchi vimekuwa watoto pacha.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Wamarekani waliokuwepo wakaondolewa kwa meli ya kivita. Mwezi Aprili Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ikaamuru kituo kiondoke, nacho kikafungashwa. Kazi yake ikahamia Madagaska, ambako nako kituo kilifungwa mwaka 1975.

Tendo la Karume lilikuwa haki ya nchi huru. Mwenye nyumba ana haki ya kumwambia mgeni kwaheri. Hata hivyo, kumwondoa mgeni mwenye darubini hakukupi darubini. Mitambo iliondoka Tunguu, na elimu ya kuitumia ikaondoka nayo.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Waliwakaribisha Wataliano, ambao waliweka majukwaa baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kati ya mwaka 1967 na 1988, satelaiti 9 zilirushwa kutoka hapo. Mojawapo ni ile iliyorushwa Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini satelaiti ilikuwa ya Marekani na roketi ilikuwa ya Marekani. Na Kenya ilipotaka kurusha Taifa-1, satelaiti yake yenyewe, Aprili 15, 2023, ilibidi iende California.

Kwa hiyo tunaona nchi moja ilifukuza na nyingine ilikaribisha, na zote mbili zimebaki zikitazama kwa macho ya watu.

Kuna atakayeuliza, haya yanamhusu nini mvuvi wa Zinga? Yanamhusu sana. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiijia pwani yetu, kilifuatiliwa kwa picha za satelaiti za mataifa mengine. Vile vile, bahari yetu ya uchumi inafika maili 200 kutoka pwani. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa humo na karibu tani 300 za samaki, katika doria iliyosaidiwa na meli ya Afrika Kusini. Hiyo ni moja iliyoonekana. Eneo kubwa hivyo halilindwi kwa boti peke yake. Boti inahitaji kuambiwa iende wapi, na anayeiambia ni jicho lililo juu.

Si lazima tushindane na wakubwa kwenda mwezini. Uganda ilipata satelaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022, baada ya kupeleka vijana wake wakasome Japani na kuiunda kwa mikono yao. Tanzania nayo ilitangaza mwaka 2023 nia ya kurusha ya kwake. Nia hiyo ni njema, lakini tuanze na watu. Satelaiti ndogo huishi miaka michache, kisha huanguka na kuungua, ila fundi aliyeiunda atatengeneza ya pili. Na akija mgeni mwingine kuomba ardhi ya kituo, asikataliwe kwa hofu wala asikubaliwe kwa kodi ya kiwanja tu. Aulizwe vijana wetu wangapi wataketi mbele ya mitambo, na picha za bahari yetu zitatufikia kwa saa ngapi.

Wahenga walisema, cha kuazima hakistiri maungo. Picha ya kuazima huja pale mwenyewe anapotaka, na siku asipotaka, mvuvi wa Zinga atakutana na dhoruba bila kuambiwa.