Kihatarishi cha ugonjwa wa macho

Mzee wa Chaani, Mombasa, mstaafu wa bandarini, anafika kwa daktari wa macho akilalamikia ukungu. Kabla hata ya kumulikwa, anaulizwa: "Mzee, katika ndugu zako wa tumbo moja yuko aliyepofuka? Una sukari? Presha je? Sigara ulivuta?" Naye ashangaa: amekuja na macho, ndugu zake waingiaje?

Maswali hayo yanatafuta vihatarishi. Wazo lenyewe lilipata umaarufu mwaka 1961, William Kannel na wenzake walipochapisha matokeo ya utafiti wa moyo ulioanza 1948 katika mji wa Framingham, Marekani. Hawakuuliza tu nini kinaua moyo. Waliuliza ni watu wa namna gani wanaougua zaidi kuliko wenzao.

Kwa Kiswahili tumeliita jambo hili visababishi, viashiria vya hatari, mambo hatarishi, vihatarishi. Mimi nashika la mwisho. Limetoka kwenye hatarisha, kama kiwakilishi kilivyotoka kwenye wakilisha. Ni kweli ofisi za umma Tanzania husema "usimamizi wa vihatarishi" zikimaanisha lolote linalotishia taasisi, lakini ukisema kihatarishi cha ugonjwa fulani, utata unakwisha.

Kisababishi kinaahidi mno. Mwambie mtu kwamba sigara ni kisababishi cha mtoto wa jicho, atakutajia babu yake aliyevuta hadi kufa na bado akitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Kihatarishi hakivunjwi na babu huyo. Kinasema kwamba ukiwachukua wavutaji wengi na wasiovuta wengi, mtoto wa jicho utamkuta zaidi kwa wavutaji, ingawa wamo watakaosalimika.

Viashiria vya hatari ndilo jina linalonitia wasiwasi hasa. Kiashiria huonyesha kitu ambacho tayari kipo, kwa hiyo msikilizaji hukaa akisubiri dalili. Sasa fikiria presha ya macho, yaani glakoma. Aina yake iliyoenea zaidi haiumi wala haiwashi. Inakula uoni wa pembeni taratibu, na mtu anaendelea kuvuka barabara ya malori akidhani aona sawasawa. Uoni uliopotea haurudi. Watu wenye asili ya Afrika huupata ugonjwa huu zaidi, na mapema zaidi, na aliye na mzazi au ndugu mwenye glakoma yumo hatarini kuliko jirani yake. Huyo apimwe leo, akiwa haoni kasoro yoyote.

Kati ya vihatarishi vya macho, umri na nasaba havibadiliki. Umri ndio mkubwa kuliko vyote, na si ajabu utafiti mkubwa wa macho uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008 ulipima watu 4,414, wote wa miaka 50 na kuendelea. Vinavyobadilika ni sigara, sukari isiyodhibitiwa, presha ya damu, na jua. Kuhusu jua, mwaka 1988 Hugh Taylor na wenzake walichapisha uchunguzi wa wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake, Marekani: kadiri miale ya urujuanimno ilivyowapiga kwa miaka mingi, ndivyo aina moja ya mtoto wa jicho ilivyozidi. Mvuvi wa hori la Port Reitz, anayepigwa na jua la juu na la majini, ana haki ya kuambiwa habari hiyo, na kwamba kofia pana humpunguzia.

Kuna kihatarishi kimoja ambacho hapa Chaani hakitajwi vya kutosha. Vumbi la malori likiwasha macho, watu huenda duka la dawa kununua matone yaliyomtuliza jirani. Baadhi yana steroidi. Muwasho hupoa siku ile ile, ndiyo maana chupa hurudiwa mwezi baada ya mwezi, na matumizi marefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: "Dawa hii ina steroidi?" Akisema ndiyo, na hukuandikiwa na daktari, irudishe.