Mita Moja ya Mwisho
Nilikuwa karibu kutoa kodi ya mwezi mzima kununua waya wa stima wa ampu. Muuzaji mmoja pale Luthuli aliniapia besi itashuka mpaka kifuani.

Biashara hii haikuanza jana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kule San Francisco, Noel Lee alianzisha Monster Cable, akauza waya mnene wa spika wakati watu wengi walitumia ule wa taa. Baadaye fasheni ikafika hadi kwa waya wa soketi. Mwaka 2007, James Randi, mwanamazingaombwe wa Marekani, aliweka dola milioni 1 kwa atakayetofautisha waya wa spika wa dola 7,250 na wa kawaida kwa masikio pekee. Pesa hazikuchukuliwa.

Waya wa stima ndio kabisa. Stima inatoka Olkaria, kilomita kibao, inapita transfoma ya mtaa na waya za ukutani, halafu eti mita moja ya mwisho ndiyo iisafishe? Ndani ya ampu, transfoma na kapasita tayari hushusha na kutuliza hizo volti 240 kabla hazijagusa muziki. Waya ukiwa mzima na unahimili mzigo, inatosha.

Nililipa kodi. Besi iko vilevile, na nyumba bado ni yangu.