Gofu si kasri: Funzo la Drachenfels

Wanafunzi wangu wengi hutafsiri kila jengo kuukuu la Ulaya kuwa 'kasri'. Niliwakumbuka siku nilipotembelea Drachenfels, yaani Mwamba wa Joka, mlima wa mita 321 karibu na Bonn, Ujerumani.

Kileleni hapana kasri, maana kasri ni jumba la fahari la mtawala. Pale palijengwa ngome, karne ya 12, kwa amri ya Askofu Mkuu Arnold wa Cologne, ili kuukinga mji wake upande wa kusini. Na aliyeibomoa wala si adui! Ni Ferdinand, naye askofu mkuu wa Cologne, mwaka 1634, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Mlima wenyewe ulikuwa machimbo. Mawe yake ndiyo yaliyojenga kanisa kuu la Cologne. Uchimbaji ulipozidi kutishia kilichosalia, serikali ya Prussia iliununua mwaka 1836 ili kuukomesha.

Kilichopo leo ni gofu. Ngome hutuambia kulikuwa na hofu, kasri kulikuwa na fahari, gofu kulikuwa na kisa. Anayeyachanganya maneno haya humnyima msomaji historia yenyewe: ni nani alijenga, nani akabomoa, na nani akaokoa.